Shule haichaguliwi kwa lango

Mhariri,

KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane nchini Kenya, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini hapa Kaptembwa, Nakuru, wazazi bado tunaulizana, "Shule ile ilipata alama ngapi?" Alama hizo ni za watoto waliokwisha kuondoka!

Juzi nilizunguka shule tatu nikimtafutia binti yangu nafasi ya Gredi ya 1. Iliyokuwa na lango la kuvutia na basi jipya, choo chake hakikuwa na komeo. Msichana mdogo alikuwa ndani, ameuzuia mlango kwa mguu. Iliniuma sana. Katika shule ya umma, mwalimu aliwajua watoto wote kwa majina. Nikamwandikisha hapo.

Naomba walimu wakuu waturuhusu kuingia madarasani na kutazama madaftari kabla hatujalipa chochote.

Mzazi,
Kaptembwa, Nakuru