Sukari 6.4: barua kwa shoga yangu fundi cherehani

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kipimo cha sukari ya damu kilitoka 6.4 (milimoli kwa lita), ukaambiwa sukari inakunyemelea, ukaruhusiwa urudi nyumbani. Hukuelezwa ufanye nini. Basi nakueleza mimi, na tafadhali usiisome barua hii ukiwa juu ya kazi ya watu.

Tuanze na hiyo namba. Kama kweli ulipimwa asubuhi baada ya kukaa masaa manane au zaidi bila kitu ila maji, 6.4 bado si kisukari. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni sukari iliyopanda, na kisukari kinaanzia 7.0. Uko kizingitini, na kutoka kizingitini mtu anaweza kurudi nyuma. Hili limepimwa, sikufariji tu. Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye hali kama yako, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Miguu na sahani vilishinda kidonge.

Umeuliza kwa nini sukari iwe juu asubuhi na usiku hukula. Kongosho lako bado linatoa insulini, homoni inayoufungulia mwili mlango ili sukari itoke kwenye damu, lakini mafuta yaliyojazana tumboni, kwenye ini na kwenye misuli yanaizuia isisikike. Inabisha hodi, mlango unachelewa kufunguliwa. Na ini lisiposikia vizuri, usiku kucha linaendelea kumwaga glukosi, yaani sukari, kwenye damu kana kwamba una njaa. Kwa hiyo kulala bila kula hakukusaidii, tena kesho yake utakula mara mbili. Kitakachokusaidia ni kuyapunguza hayo mafuta. Lengo walilopewa wale wa Marekani lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito; kama una kilo 80, hiyo ni kilo 5.6. Nusu kilo kwa wiki inakutosha, miezi mitatu umefika.

Sasa chakula. Unasema umeacha sukari kwenye chai na umehamia kwenye asali. Shoga yangu, asali ni sukari. Irudishe kabatini. Na chai isiyo na sukari kabisa utaichukia kwa wiki moja kisha urudie vijiko vitatu, ndivyo inavyowatokea wengi. Punguza nusu kijiko kila wiki. Baada ya wiki tano umefika nusu kijiko na ulimi umeshazoea. Soda iache moja kwa moja, maana chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Juisi ya embe au ya miwa nayo usidanganyike kwa sababu ni ya asili: ukikamua, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari inaingia kwenye glasi. Kula embe lenyewe, nusu, baada ya chakula.

Lakini chai si adui yako mkubwa. Mkubwa ni wali. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina wanga wa takribani gramu 45, na karibu wote unaishia kuwa glukosi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Sahani ya vikombe vitatu, ile ya kawaida ya mchana, kwa hesabu ya wanga inapita vijiko 30. Ndiyo maana mtu anaacha sukari mwaka mzima na namba haishuki.

Kipimo chako kiwe mkono wako. Wali au ugali uliopikwa, ngumi moja. Samaki, dagaa, kuku au maharage, ukubwa wa kiganja. Mboga, viganja viwili vilivyojaa: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, chochote cha sokoni siku hiyo. Mboga ipikwe kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa mlaji, na nazi ikiwepo tumia tui la pili, lile zito weka siku ya wageni. Anza na mboga na samaki, wanga uwe wa mwisho. Sukari hupanda taratibu zaidi ukila kwa mpangilio huo, na utashiba kabla ngumi haijaisha.

Kuna makosa mawili ninayoyaona mno. Moja, mtu anatoka sembe anakwenda dona, akishafika dona anajisamehe na kukata mlima uleule. Dona ni bora kwa sababu pumba na kiini vimebaki, lakini ngumi ni ngumi. La pili, anaacha wali, anaweka viazi, muhogo na ndizi pembeni, na chapati juu yake, akidhani ameacha. Hivyo vyote ni kundi moja. Chagua kimoja.

Mlo wa sinia ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu kila mkono unachota na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Nyumbani kwako omba sahani yako. Ugenini, au kwenye shughuli, chora mpaka upande wako tangu mwanzo, sogeza kachumbari na nyama kwako, ukimaliza eneo lako nawa mikono. Mkono uliokwisha kunawa haurudi sinia.

Asubuhi usiache mbaazi zako, naomba. Mbaazi, kunde na choroko zina protini na nyuzinyuzi na hazipandishi sukari kwa kishindo. Lililo zito pale ni maandazi. Mbaazi bakuli zima, andazi moja badala ya manne.

Na Ramadhani nikuonye mapema. Futari yetu ya pwani ni wanga juu ya wanga: uji wenye sukari, tambi, kaimati, magimbi, muhogo wa nazi, viazi vitamu, vyote mezani kwa wakati mmoja na tumbo tupu. Fungua kwa tende mbili na maji, kaswali, ukirudi unywe supu na ule samaki na mboga, halafu kimoja tu katika vile vya wanga. Tambi zipikwe Ijumaa. Na kabla mwezi haujaingia, muone daktari kama utakuwa umeshaanza dawa yoyote.

Sasa kazi yako. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa inaifanyia miguu hisani, na tangu ulipofunga mota miguu imelala. Misuli ya mapaja ndiyo ghala kubwa la glukosi mwilini, na msuli unaofanya kazi hufungua mlango wake bila kusubiri sana insulini. Kwa hiyo wakati bora wa kutembea ni mara tu baada ya kula, sukari inapopanda. Dakika kumi baada ya kila mlo, mara tatu kwa siku, ni nusu saa. Siku tano, umezipata zile 150. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza.

Baina ya hapo, kila nusu saa simama dakika mbili au tatu. Usitegemee kukumbuka: iweke pasi upande wa pili wa chumba, mkasi mkubwa uutundike mlangoni, maji ya kunywa yakae nje. Mara mbili au tatu kwa wiki, inuka na kukaa kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu. Usianze kwa kukimbia. Wengi hukimbia siku tatu, goti likavimba, wakaacha mwezi.

Chukua futi yako ya kushonea ujipime kiuno usawa wa kitovu, ukishusha pumzi. Kwa mwanamke sentimita 80 ndiyo alama ya kuanza kujihadhari. Andika tarehe na namba kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, kila Ijumaa. Kiuno mara nyingi hupungua kabla mizani haijaonyesha kitu.

Baada ya miezi mitatu rudi ukapime tena bila kula, na uombe pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho hakihitaji njaa. Lakini ukianza kuwa na kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo usiku mara kwa mara, macho kuwa na ukungu au uzito kuporomoka wenyewe, usingoje hiyo miezi mitatu. Nenda siku hiyohiyo. Na mimba ijayo, kwa kuwa sukari ilipanda mimba iliyopita, waambie kliniki tangu hudhurio la kwanza.

Niandikie kiuno cha Ijumaa hii. Nisalimie shemeji na watoto, na umwambie shemeji sahani ndogo ninazozileta nikija ni zenu nyote.

Wako akupendaye,
Shoga yako