Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Jina lake limo?

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Shilingi 75 za kibarua

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Mwanza. Kila mwezi najaza ritani ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaowalipa wanaoumia kazini: naweka majina, naweka mishahara, mfumo unanipa namba ya malipo, nalipa. Majina ni nane. Siku ya kumwaga zege, saiti kwetu watu hawapungui arobaini.

Mwaka jana saidia fundi mmoja alianguka na ndoo ya zege kutoka jukwaa la mirunda, ghorofa ya pili. Nyapara alinipigia simu kabla hata hawajapata gari la kumpeleka hospitali. Hakuniuliza kama kuna fedha. Aliuliza, "Jina lake limo?" Halimo. Jioni fundi mkuu akaja ofisini na wazo lake: tumwingize, tuandike aliajiriwa tangu mwanzo wa mwezi. Nikakataa, kwa sababu hiyo ni kughushi. Bosi akatoa hela ya plasta na nauli, wenzake wakachangishana, kijana akarudishwa kwao nyonga imevunjika. Nilitenda haki kwa Mfuko. Kwake yeye sijui nilitenda nini.

Nimelipiga hesabu jambo hili mara nyingi, maana ndiyo kazi niliyosomea. Kibarua wetu analipwa 15,000 kwa siku. Mchango wa mwajiri ni 0.5% ya malipo, yaani shilingi 75 kwa siku. Siku hizi 75 hainunui hata andazi. Angekuwa ameandikishwa, kwa siku 26 za kazi kipato chake kingehesabiwa 390,000 kwa mwezi, na akiwa hawezi kufanya kazi angelipwa 70% ya hiyo, yaani 273,000 kila mwezi hadi miezi 24, mbali na matibabu. Na ulemavu ukimbakia, kuna fidia ya ulemavu wa kudumu.

Sibezi yaliyofanyika. Wanaokumbuka sheria ya zamani tuliyorithi kwa mkoloni wanajua kwamba aliyelemaa kabisa hakuvuka shilingi 108,000, na familia ya aliyekufa kazini haikuvuka 83,000. Siyo kwa mwezi, ni zote. Sheria ya 2008 ililifuta hilo, Mfuko ukaanza kazi Julai 2015, na leo mjane wa mfanyakazi aliyeandikishwa anapokea pensheni ya kila mwezi. Hayo ni mageuzi ya kweli.

Kisha vyuma vikakaza. Waajiri wakalia, na Serikali ikawasikia. Sekta binafsi ilikuwa inachangia 1%. Mwaka 2021 ikashuka hadi 0.6%, mwaka 2022 ikawa 0.5% sawa na sekta ya umma. Riba ya kuchelewesha mchango ikashushwa kutoka 10% hadi 2%. Sisi wahasibu tulifurahi, nisikufiche. Lakini tazama tulichopata. Kwa watu wetu nane, wastani wa mshahara 400,000, kushuka kutoka 1% hadi 0.5% kumetuachia 16,000 kwa mwezi. Mifuko ya saruji haifiki hata mmoja.

Anayeiua kampuni kama yetu si huo mchango. Ni hati ya malipo iliyosainiwa na mhandisi, ikapelekwa kwa taasisi ya umma, ikakaa. Ankara ukishaitoa, VAT ya 18% inaanza kudaiwa, fedha yenyewe hujaiona. Mkopo wa benki unatembea. Duka la vifaa linapiga simu. Hapo ndipo bosi anapoanza kukata, na anapokata haanzi kwenye nondo, maana jengo litaanguka. Anaanza kwa watu: majina yanabaki nane, wengine wote wanakuwa "wa kutwa". Kwa hiyo unafuu mlitupa kwenye kiwango, ugumu mkauacha kwenye madeni, na pengo la katikati linazibwa na kibarua kwa mwili wake.

Halafu kuna hili la kiwango kuwa kimoja kwa wote. Karani wa benki anayekaa kwenye kiyoyozi na kijana anayepandisha nondo begani wanachangiwa asilimia ileile. Kwa hiyo mlipopunguza, aliyepata nafuu kubwa ni mwenye mishahara mikubwa na ajali chache. Kama kupunguza kulikuwa lazima, kungeanzia kwa anayeonyesha kwamba saiti yake haivunji watu.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye miradi inayolipwa na fedha za umma, mchango wa fidia usifuate orodha yangu ya majina. Ufuate mkataba. Taasisi inayotulipa ikate mchango huo kwenye kila hati ya malipo, kama inavyokata kodi ya zuio, na kila aliyeingia saiti kufanya kazi awe amekingwa, awe na barua ya ajira au asiwe nayo. India wana tozo ya namna hii kwa ajili ya ustawi wa wafanyakazi wa ujenzi tangu 1996, inakokotolewa kwenye gharama ya jengo. Tuseme mradi ni wa bilioni moja na robo yake ni nguvu kazi: 0.5% ya hapo ni 1,250,000. Hata ukiizidisha mara mbili kwa sababu ya hatari za ujenzi, hakuna mkandarasi atakayefunga ofisi kwa milioni mbili na nusu.

Utaniuliza nani atathibitisha kwamba fulani alikuwepo siku hiyo. Vibarua wetu tunawalipa kwa simu, Mheshimiwa. Namba ipo, jina limesajiliwa kwa NIDA, tarehe ipo. Mhandisi mshauri anayesaini ujazo wa zege anaweza kusaini na mahudhurio ya walioimwaga. Wajanja watajaribu kuingiza shemeji zao, hilo halikosekani. Lakini afadhali kumkagua shemeji kuliko kumkana aliyevunjika.

Nasi utulipe kwa wakati. Ukifanya hilo, hata hiyo 1% ya zamani hutatusikia tukiilalamikia.

Jumamosi hii tunamwaga jamvi la ghorofa ya tatu. Ritani ya mwezi nimeshaituma, majina nane.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhasibu, Mwanza