Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Zawadi za Shindano la Kurasa za Wavuti

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wageni wetu kutoka shule jirani,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa uvumilivu wako: umefika fainali ikiwa imeshaanza, ukaketi benchi la nyuma ukingoja kengele kama mtazamaji mwingine yeyote. Washindani hawakukuona. Laiti wangekuona, tunadhani nusu yao wangesimama kukusalimu na muda wao ungepotea.

Ndugu Mgeni Rasmi, shindano ulilolishuhudia halikubuniwa hapa. Lilianzishwa mwaka 2013 na watu wa kampuni ya Tictail ya Stockholm, nchini Uswidi, wakaliita Code in the Dark. Mshindani hupewa picha ya ukurasa wa tovuti na dakika 15. Anatakiwa aandike HTML na CSS, yaani lugha mbili za kuundia kurasa za wavuti, zitakazotoa ukurasa unaofanana na picha ile. Haruhusiwi kufungua kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, aone alichokwisha kufanya, wala kutumia kifaa cha kupimia. Muda ukiisha, mikono inaondoka kwenye kibodi, kurasa zinarushwa ukutani kwa projekta, na watazamaji ndio wanaochagua mshindi. Maana yake ni kwamba mwenye ukurasa anauona kwa mara ya kwanza pamoja na ninyi. Vile vicheko vya ukumbini leo vilitokana na hapo.

Waanzilishi waliliacha wazi, yeyote anaweza kuliandaa, na programu yao ya kuandikia inatolewa bure. Sisi tulilipendea jambo jingine pia: halihitaji intaneti. Kompyuta, umeme na projekta vinatosha.

Mzazi mmoja ametuuliza leo asubuhi, mtoto anafanyaje kazi asiyoiona? Jibu letu ni mama anayepika futari. Amefunga, hawezi kuonja, lakini chumvi inakaa sawa kwa sababu chungu kizima kimo kichwani mwake. Mwandishi wa kurasa aliyezoea kuandika mstari mmoja, kukimbilia kivinjari, kurekebisha, kisha kukimbilia tena, anakuwa anaonja kila dakika. Mnyime kuonja ndipo utajua anachokijua.

Tulitarajia wenye vidole vyepesi watashinda. Haikuwa hivyo. Waliofika mbali ni wale waliotumia dakika mbili tatu za mwanzo bila kugusa kibodi. Kwetu karatasi na kalamu viliruhusiwa, nao waliigawa picha makasha: kichwa cha ukurasa, picha kubwa, safu ya kadi tatu, mguu wa ukurasa. Waliandika kasha lipi limo ndani ya lipi, kisha wakaanza. Kufikia hapo HTML ilikuwa karibu imekwisha, wakabaki na muda wa rangi na nafasi. Aliyeanza kuchapa kengele ya kwanza ilipolia alijikuta katikati ya safari anahamisha makasha, na kuhamisha kasha usiloliona ni kazi ngumu kuliko kuliandika upya.

Darasani tunafundishwa kwamba HTML hubeba maudhui na CSS hubeba mwonekano. Ni swali la mtihani, na jibu lake tunalikariri. Håkon Wium Lie, mtaalamu wa kompyuta kutoka Norwe, alipopendekeza CSS mwaka 1994 alitaka vitu hivyo viwili vikae mbali, na saa inapokimbia ndipo mtu anaona kwa nini. Mshindani aliyeweka rangi ya vichwa vyote mahali pamoja aliibadili kwa sekunde chache. Aliyeipachika ndani ya kila kichwa alizunguka ukurasa mzima, akasahau kimoja, na hicho kimoja ndicho ukumbi mzima ulichokiona.

Ndugu Mgeni Rasmi, hesabu nayo ilitusumbua, na ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua ukurasa wenye upana wa pikseli 960, yaani nukta za kwenye skrini, unaotakiwa kubeba kadi tatu sambamba. Ukigawa, kila kadi inapata 320. Sasa weka nafasi ya ndani, pikseli 20 kushoto na 20 kulia, ili maandishi yasigande ukingoni. Kivinjari, kisipoambiwa vingine, hakiikati nafasi hiyo kutoka kwenye zile 320. Kinaijumlisha juu yake. Kadi inakuwa 360, tatu zinakuwa 1080, na kadi ya tatu inaporomoka chini peke yake. Raundi ya kwanza ilijaa kadi zilizoporomoka. Dawa yake ni agizo la mstari mmoja, box-sizing: border-box, linalokiambia kivinjari kiikate nafasi hiyo ndani ya zile 320, na kuanzia raundi ya pili karibu kila mtu aliliandika kabla ya jambo jingine lolote. Walimu wetu wamelitaja agizo hilo mara nyingi. Kuporomoka kwa kadi mbele ya watu kumelifundisha kwa siku moja.

Waliotumia gridi, njia ya CSS ya kupanga ukurasa, waliikwepa taabu hiyo, kwa sababu gridi unaiambia tu kwamba unataka safu tatu sawa za wima, nayo inagawa yenyewe. Vivinjari vya Chrome, Firefox na Safari vyote vilianza kuielewa mwezi Machi 2017, kwa hiyo si kitu kigeni tena. Tunashangaa kwamba vitabu vingi tulivyonavyo bado vinapanga kurasa kwa majedwali.

Makosa mengine hayapigi kelele. Ukisahau nuktamkato (;) mwishoni mwa agizo katika CSS, agizo hilo pamoja na linalofuata yote hutupwa, bila onyo. Ukisahau kufunga tagi ya kiungo, yaani alama ya HTML inayoonyesha kiungo kinaanzia na kuishia wapi, maandishi yanayofuata nayo yanageuka kiungo, ya bluu na yenye mstari chini. Siku za kawaida kivinjari ndicho kinachotushtua. Kikiondolewa, kinachobaki ni tabia: ukifungua kitu, kifunge hapohapo, kisha urudi katikati kujaza. Kuna mwenzetu wa kidato cha pili anayeandika hivyo siku zote, na tulikuwa tunamwona mwoga. Leo yumo katika orodha ya zawadi.

Pamoja na sifa zote hizo, hatutaki kulisifu shindano hili kupita kiasi. Watazamaji wanapiga kura kwa jicho, na jicho linaanza na rangi ya nyuma, picha kubwa na kichwa cha juu. Washindani wajanja walilijua hilo wakavimaliza hivyo kwanza. Kama mbinu ya kushinda, ni halali kabisa. Lakini katika picha moja tuliyowapa kulikuwa na maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe. Mwongozo wa WCAG, ule wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, ili asiyeona vizuri naye asome. Binti mmoja aliyakoleza makusudi. Akapoteza kura kwa kuwa ukurasa wake haukufanana na picha. Kwa maoni yetu yeye ndiye aliyefanya kazi sahihi, na tunalisema hili mbele ya watazamaji waliopiga kura kwa heshima zote.

Vilevile picha ilikuwa na upana mmoja, wa kompyuta. Wazazi waliomo humu wakifungua tovuti wanaifungua kwenye simu, tena kwa bando. Hakuna kura hata moja iliyouliza ukurasa unakula bando kiasi gani.

Kwa sababu hiyo mwakani tunakusudia kuongeza shindano la pili, ambalo kikomo chake ni uzito, yaani kiasi cha data ambacho ukurasa unabeba. Wazo hili lina wazee wake. Mwaka 2000 Stewart Butterfield, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha tovuti ya picha ya Flickr na programu ya mawasiliano kazini ya Slack, aliendesha shindano lililoitwa The 5K: tovuti nzima isizidi kilobaiti 5. Na tangu mwaka 2012 kuna js13kGames, ambapo watu hutengeneza michezo ya kompyuta isiyozidi kilobaiti 13. Picha moja ya simu janja inazidi hizo mara mia kadhaa. Tunataka kurasa hizo zipimwe kwenye simu ndogo za bei nafuu, na mpigakura awe na simu hiyo mkononi.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto unazijua bila kuambiwa. Kompyuta ni chache, kwa hiyo mchujo umefanyika kwa zamu, na projekta tumeiazima. Maombi yetu ni haya. Tunaomba simu chache ndogo za kufanyia majaribio; hata zilizotumika zinafaa, mradi kioo kiwe kizima. Tunaomba pia utusaidie kupata diski yenye nyaraka za MDN, tovuti ya marejeo ya waandishi wa kurasa, zisomwe bila intaneti, kwa maana mwanafunzi wa bweni hana bando la kusomea. Na ombi tunalolitamani kuliko yote halina gharama: tupatie kazi ya kweli. Kuna matangazo ya ofisi za kata, ratiba za kliniki ya mama na mtoto, bei za mazao sokoni. Tupe mojawapo tuitengenezee ukurasa mwepesi, chini ya usimamizi wa mwalimu mlezi, na ofisi husika iukague kabla haujatumika.

Tunawashukuru walimu wetu, wapishi waliotupa chai kabla ya kengele, na fundi umeme aliyekaa karibu na jenereta tangu asubuhi.

Baada ya risala hii tunakukaribisha ukabidhi zawadi. Tunaomba uanze na wenzetu wa shule jirani, kwa kuwa gari lao linaondoka saa kumi.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Kompyuta.