Malalamiko: seti ya roketi ya penseli, mapezi mabovu na udongo wa puani haumo

Habari zenu huduma kwa wateja,

Naandika kuhusu ile seti ya roketi yenye umbo la penseli niliyoagiza kwenu Dar ikaja na basi mpaka huku Mwanza. Nimeshapiga simu, nimetuma picha WhatsApp, nikajibiwa eti "hiyo ni pambo tu mwalimu, weka mezani". Hapana jamani. Boksi lenu limeandikwa inaruka, na nimeinunua kwa ajili ya wanafunzi wa klabu ya sayansi waijenge kwa mikono yao.

Mapezi kwanza. Mbao ya balsa, ile nyepesi sana, ina nyuzi, na kwenye pezi nyuzi zinatakiwa zitoke kwenye bomba kwenda nje, zifuate ukingo wa mbele. Nyie mmekata zikalala sambamba na bomba, kwahiyo mtoto akigusa pezi na msasa tu linakatika kama biskuti, tena pale pale karibu na gundi, gundi imeshika vizuri ila mbao ndo imeachia. Na msisingizie unyevu wa ziwa, nyuzi zinaonekana kwa macho.

Kubwa zaidi ni udongo wa kuweka ndani ya pua. Maelekezo yanautaja, kwenye boksi haumo! Mapezi mmeyafanya madogo ili ibaki na sura ya penseli, sawa, inapendeza, ila hapo ndo uzito wa mbele unahitajika zaidi, maana kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu ya hewa inapokusanyika), angalau kwa kipimo cha upana wa bomba. Bila hivyo mota ya C6-5 (injini ndogo ya baruti inayorusha roketi) ikiwaka penseli itapinduka hewani na haijulikani itaelekea wapi, na watoto wamesimama pale. Mota najua inauzwa kando, silalamikii hilo. Wala msiniambie nitafute udongo wowote, gramu zake hamjaandika popote.

Rangi nayo. Tuliziba ile mistari ya kuzunguka bomba la karatasi kwa fila, msasa, praima (rangi ya kwanza ya chini), fundi mmoja wa rangi za magari Buzuruga akawaonyesha vijana kupuliza kidogo kidogo, njano ikatoka safi mpaka wakapiga makofi. Halafu kopo lenu la rangi ya fedha, la ule mkanda wa bati unaoshika kifutio. Maelekezo yanasema subiri saa moja, tukasubiri zaidi ya hapo, ilipogusa tu njano ikaanza kujikunja, ikanyanyuka vipande hadi karatasi ya bomba ikaonekana. Fundi kusoma makopo anakuta la njano ni enameli, la fedha ni laka, aina mbili tofauti za rangi, na laka ikipita juu ya enameli ambayo haijakauka vizuri inaiharibu. Mlitakiwa mliandike hilo, sio fundi wa Buzuruga atuambie wakati kazi imeshaharibika.

Hela sitaki mnirudishie. Nataka mapezi yaliyokatwa sawa, udongo na gramu zake, bomba jipya, na rangi ya fedha inayoendana na njano. Nauli ya mzigo iwe juu yenu, mtume kwa basi, nitapokea stendi ya Nyegezi.

Mteja wenu,
Mwalimu wa fizikia, Mwanza