Tupangiwe muda wa kukaa darasani kwa wenzetu

Mhariri, niko fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, sekondari moja huku Tanga, naomba vyuo vya ualimu vitupangie rasmi muda wa kukaa nyuma ya darasa wenzetu wakifundisha Kiingereza. Juzi nimemwangalia mwenzangu kidato cha kwanza, watoto msingi walisoma kwa Kiswahili, yeye anauliza swali anajibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo, nimehesabu mara 11 kwa dakika 40, na mimi ndo nafanya hivyohivyo ila sikuwahi kujiona. Tukakaa chini ya mwembe na andalio lake la somo tukaongea. Kesho yake kauliza kanyamaza, binti wa dawati la nyuma akasimama, "Yesterday I go to market". Kakosea, ndio, lakini kaongea! Msimamizi wa chuo anayekuja na fomu mara moja anaondoka hawezi kuyaona hayo.

Mwalimu mwanafunzi, Tanga