Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Tunachokosa ni Ratiba

Ndugu wanachama: manahodha, waongoza wageni, wenye gesti, mama lishe, vijana wa bajaji na bodaboda, na kina mama wanaosuka mikeka na vikapu vya ukindu.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla ya yote tuwasomee Fatiha wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, akiwemo mzee wetu nahodha aliyewavusha watu kwenda Kilwa Kisiwani tangu enzi za tanga, kabla wengi wetu hatujajua kuvuta kamba ya injini. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwanawe ameshika usukani wa mashua ileile. Tumpe kazi, tusimpe pole tu.

Mkutano uliopita mlinituma nikafuatilie habari za kiwanja chetu cha ndege hapa Kilwa Masoko. Wengi mlitaka nirudi na neno moja: kirefushwe. Nimerudi na neno jingine, na najua wapo watakaonuna. Naomba mnisikilize hadi mwisho ndipo mnyooshe mikono.

Mvua za mwaka huu sina haja ya kuwasimulia, mlikuwa ndani yake. Rufiji ilifurika, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikaipiga pwani yetu. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika, pale Somanga na kwingineko, magari yakalala njiani siku kadhaa. Kwa sisi wenye gesti, Mei si mwezi wa wageni, vitanda vilikuwa vitupu hata kabla ya kimbunga. Hasara ilitujia kwa njia ya simu. Mawakala wa Dar waliokuwa na wageni wa Julai na Agosti walianza kuuliza: barabara itapitika? Nikawajibu itapitika, na kweli ilitengenezwa. Wakauliza swali la pili: isipopitika, ndege zinakuja siku gani? Hapo nikashikwa na kigugumizi. Inategemea, nikasema. Wiki hiyohiyo wawili kati yao wakawahamishia wageni wao Zanzibar.

Nikafunga safari kwenda Dar kuonana na watu wa ndege. Nilibeba hotuba nzuri. Niliwaeleza kwamba magofu ya visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Nikasema kwamba mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014, na kwamba mwaka huu umetimia muongo mmoja tangu tulipoambiwa tumefaulu kuyatunza. Nikawatajia jumba la Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu na ngome ya Gereza. Nikamleta hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliyefika hapa mwaka 1331. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mama, haya yote nayajua. Niambie, Jumanne una watu wangapi wa kuja, na wangapi wa kurudi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka mia saba ya historia mkobani, lakini hesabu ya Jumanne moja sikuwa nayo.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari swali lake, na ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu urefu wa kiwanja. Ndege ndogo za abiria zinazofaa kuja kwetu ni kama zile Cessna Caravan za injini moja, zenye viti 12 au 13. Ndege hiyo haihitaji hata kilomita moja ya njia ili iruke. Ndugu zetu wa Mtwara wamerefushiwa njia hadi mita 2,800, na Rais Samia alikwenda kuuzindua uwanja ule Septemba 2023. Ni jambo jema na tunawapongeza. Lakini Mtwara ni mji wa bandari, kuna gesi, kuna korosho, kuna maofisi, na ndege ya viti 76 inajaa watu ambao hata hawana habari ya utalii. Masoko tukijengewa njia ya namna hiyo kesho, ile ndege ya viti 76 itajaa nani? Mbuzi tutapata mahali pazuri pa kuwalisha.

Mkurugenzi wa ndege hatazami urefu peke yake. Anatazama ndege itarudi na nani. Julai inakuja na wageni wanane, inaondoka na wawili. Septemba mwishoni inakuja na wawili, inaondoka na tisa. Kila kiti kitupu kinachoruka kimekula mafuta sawa na chenye mtu. Ndiyo maana kampuni hukwepa kutoa ratiba mapema. Zinangoja zione watu. Na watu, hasa hawa wanaotoka Ulaya, wanapanga safari ya Agosti tangu Januari, nao wanangoja waone ratiba. Kila mmoja anamngoja mwenzake, sisi tuko katikati tunafagia vyumba.

Mzee mmoja wa Kivinje alinicheka nilipomsimulia. "Mwanangu," akasema, "kaskazi haikuhitaji kutangazwa." Nikabaki kimya, kwa sababu ni kweli. Kilwa haijaanza leo kuishi kwa msimu. Majahazi ya Uarabuni na India yalishuka na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi, na kila mtu, kuanzia kwa mwenye dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji ya leo, hadi kwa mwenye nguo ng'ambo, alijua mwezi gani wa kuwa na mzigo wake tayari. Upepo ulikuwa ratiba. Sasa tuna chombo kinachotoka Dar, kama kilomita 230 za angani, kinafika ndani ya saa moja hivi, na hakuna ajuaye siku yake.

Basi ombi letu jipya, ambalo kamati imelikubali na ninalileta kwenu mlipitishe, ni hili. Tuombe siku mbili kwa wiki, kuanzia Julai hadi mwisho wa Oktoba, zitangazwe kabla Januari haijaisha. Ndege ya viti 12 tu. Nasi, kwa upande wetu, tupeleke hesabu. Na tusipeleke watalii peke yao. Juni na Julai ni wakati wa minada ya ufuta, wanunuzi wanapishana barabarani na mafaili yao. Kuanzia Oktoba ni korosho. Kuna watu wa ujenzi wa bandari ya uvuvi. Kuna watumishi wanaoitwa vikao Dar. Hawa ndio wa kujaza vile viti vinavyorudi vitupu, na hatujawahi kumwuliza hata mmoja wao kama angepanda.

Lakini hesabu itatoka wapi? Mwezi Juni niliwaomba wenye gesti wote tuandike daftari: mgeni amefika lini, kwa usafiri gani, amelala siku ngapi, ameondoka kwa usafiri gani. Waliofanya hivyo hadi mwisho wa msimu ni wachache mno, na sitawataja wasiofanya kwa sababu wanajijua na wengine wamekaa mstari wa mbele. Tukirudi kwa yule kijana na mdomo mtupu mara ya pili, hatatupa hata kiti cha kukalia.

Lipo jambo jingine ambalo wa Dar hawalijui na ni kazi yetu kuwafundisha, nalo ni maji. Kwa anayekwenda Kisiwani, ng'ambo tu hapo, shida si kubwa. Anayekwenda Songo Mnara ndiye mwenye mashaka. Ndege ikitua saa 4 asubuhi siku ya maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, bahari imejaa, mashua inasogea vizuri. Wiki inayofuata, saa ileile, ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na yamekupwa: mgeni anashushwa mbali, anavua viatu, anakokota miguu kwenye tope la mikoko huku kamera ameiweka kichwani. Wapo wanaofurahia. Wapo pia wenye miaka 70 na magoti mabovu. Na kati ya Juni na Agosti kusi likichacha alasiri, nahodha mwenye akili hataki kurudi nao saa 10. Manahodha wetu watatu walikaa barazani kwangu jioni mbili, wakatoa jedwali la maji la msimu mzima, siku kwa siku, na alama ya siku za Songo Mnara na siku za Kisiwani tu. Tumelituma kwa mawakala. Wakala mmoja alipiga simu kuuliza bamvua ni nini, nikajua kazi imeanza.

Sasa niseme la Agosti, maana limezungumzwa sana mitaani na kuongezwa chumvi. Wageni tisa walikuwa waondoke kwa ndege alasiri. Saa 8 mchana ukaja ujumbe kwamba ndege haiji. Sababu haikutolewa, na kampuni sitaitaja hapa. Wawili kati yao walikuwa na ndege ya kurudi kwao usiku uleule kutoka Dar. Tulikodi Hiace, saa 9 ikatoka, dereva akaswali na kula njiani kwa dakika kumi, wakafika uwanjani pale mlango wa mizigo unakaribia kufungwa. Nauli tulichanga gesti tatu. Hadi leo ninavyoandika, fedha hiyo haijarudi. Mmoja wa wale wawili ametuandikia barua ya shukrani ndefu, na amesema atarudi, ila kwa basi. Si kweli kwamba walilala porini, na si kweli kwamba mwenyekiti alilia. Nililia baadaye, nyumbani.

Kuhusu fujo za kupokea wageni. Ndege inatua na watu watano, wanapokewa na watu ishirini: huyu anavuta begi, yule anavuta mkono, wa tatu anatangaza bei ya mashua ambayo si yake. Mgeni mmoja alirudi ndani ya ndege akakaa. Nami simo katika malaika. Mwanzoni mwa msimu nilimtuma kijana wa bajaji asimame mbele ya wengine na jina la gesti yangu kwenye kipande cha boksi. Nimekwishaomba radhi katika kamati, naomba tena hapa. Kuanzia Septemba tumeweka zamu ya watu wanne tu: bajaji mbili, mwongoza wageni mmoja, nahodha mmoja. Mgeni aliyekwisha kupanga na mtu wake anapelekwa kwa mtu wake bila maneno. Vijana wa bodaboda wanalalamika kwamba zamu imewasahau, na wana haki, tutairekebisha.

Kina mama wa ukindu nao wana kilio chao. Ndege hizi ndogo huruhusu kilo 15 kwa mtu, na begi liwe laini, kwa sababu pa kuweka mizigo ni padogo na sanduku gumu halijipindi. Mgeni anaupenda mkeka, anaupima kwa macho, anaurudisha. Mwaka huu wamejaribu mikeka midogo ya kuswalia inayokunjika na vikapu vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Imekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wasiwasi wangu ni kwamba tumeanza kuipima kazi ya mikono kwa mizani ya ndege, na ule mkeka mkubwa wa harusi utabaki bila mfumaji. Anayesafiri kwa gari aonyeshwe mkubwa kwanza.

Hesabu za fedha mweka hazina atazisoma mwenyewe baada yangu. Langu ni moja: ada zinalipwa na walewale, na mikopo ya dharura inaombwa na wengine.

Limeulizwa suala la kushirikiana na wenzetu wa Lindi mjini kuhusu Tendaguru, kule ilikochimbwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, kati ya mwaka 1909 na 1913, ambayo mingine imesimamishwa jumba la makumbusho Berlin. Mimi naunga mkono. Wajerumani ni wageni wetu wa kila msimu, na wengi wameuona mfupa bila kujua umetoka wapi. Ila safari hiyo ni ya gari na ya siku nzima, tusiichanganye na ombi la ndege.

Daftari za wageni za mwaka mpya ziko kwangu, zimepigwa mistari tayari, bure. Kila mwenye gesti achukue lake leo, atie saini. Manahodha wanaotaka nakala ya jedwali la maji wamwone katibu. Kura ya ombi la ratiba tutaipiga kwa kunyoosha mikono, kisha tutachagua watu wawili wa kwenda nami Dar wiki ya pili ya Januari. Napendekeza mmoja awe nahodha, kwa sababu yule kijana atataka kuelezwa bamvua na mimi hulieleza vibaya.

Chakula kiko tayari kwa mama lishe wetu, baada ya swala ya alasiri.

Mwenyekiti wenu,
Kilwa Masoko