Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: daftari la zamu lisomwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Makorora. Mimi ni fundi mstaafu wa geji na kengele za viwandani. Siandiki kudai mafao, hayo yana barua yake.

Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa na boila kuukuu, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na ubavuni mwake chemba yenye boya. Maji yakipungua boya hushuka, swichi hukata moto, kengele hulia. Kila zamu tulifungua koki ya chini tukamwaga maji ya chemba ili kujaribu. Ikilia, unaandika "sawa". Mzee aliyenifundisha kazi hakuitaka hiyo "sawa". Alinitaka nihesabu kwa mdomo, tangu koki ifunguliwe mpaka kengele ilie. Mwanzoni nilifika nne. Wiki zikapita, nikafika sita, tisa, kumi na mbili. Cheti cha ukaguzi ukutani bado kilikuwa hai! Tulipofungua chemba tukakuta ukoko wa chokaa, kama ule wa birika la chai, umelishika boya bawabani, linashuka kwa kujivuta. Tungengoja lisishuke kabisa, moto ungewaka chini ya chuma kikavu.

Pampu ikifa, uzalishaji unasimama na bosi anapiga simu. Kengele ya hatari ikifa, kazi inaendelea kwa raha zake mpaka siku inapohitajika. Mkaguzi naye ni waja leo waondoka leo. Anaiona siku moja tu ya mwaka.

Uingereza walilipia somo hili Desemba 2005, kwenye ghala la mafuta la Buncefield. Tangi lilipokea petroli mpaka likafurika, na alfajiri ya Jumapili mvuke wake ukalipuka. Watu zaidi ya 40 waliumia. Geji ya kupimia kina cha mafuta ilikuwa imeganda kwenye namba moja huku mafuta yanapanda, na swichi ya juu iliyowekwa kwa akiba haikukata mafuta. Wachunguzi walikuta geji hiyohiyo imeganda mara 14 tangu mwisho wa Agosti. Mara nyingine wasimamizi waliandika kuwa ni hitilafu, mara nyingine waliishtua tu ikaamka, wakaendelea na kazi. Mara 14, Mheshimiwa, kwa miezi mitatu na kitu.

Mkoa wetu una viwanda, una bandari inayoshusha mafuta, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Najua siku hizi kompyuta hupima vali imechukua sekunde ngapi kufunga, ikalinganisha na mwezi uliopita na kuonya kabla haijagoma. Ndiko kuhesabu kwetu kule, ila haichoki wala haisinzii zamu ya usiku. Sina ugomvi nayo.

Wasiwasi wangu ni kile inacholishwa. Nimewahi kuonyeshwa daftari lenye "sawa" mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, na tarehe 31 Juni nayo ilikuwa sawa. Kijana aliyeliandika si mvivu. Aliwahi kuandika kwamba swichi imepigwa jampa, yaani imeungwa waya wa kuiruka, siku tatu ili mashine isisimame, akaitwa ofisini kuulizwa anamfanyia kazi nani. Tangu hapo kila kitu ni sawa. Ukiipa kompyuta daftari hilo, itatabiri usalama mpaka siku ya kiama.

Kwa hiyo naomba utumie kiti chako kuwaita wenye viwanda na wakaguzi wa usalama mahali pa kazi, mkubaliane kwamba ukaguzi usiishie kwenye cheti. Waulize kifaa kimejaribiwa lini na kilichukua muda gani, kimezimwa saa ngapi na kwa ruhusa ya nani, kimelia mara ngapi na nani aliitika. Na aliyeandika "mbovu" asiguswe. Bila hilo la mwisho, hayo mengine msihangaike nayo.

Daftari langu la kuhesabia bado ninalo. Mchwa wamekula pembe, namba zinasomeka. Siku ya kikao nitumie ujumbe nilete, nyumbani kwangu hadi ofisini kwako ni mwendo wa baiskeli.

Wasalaam,
Fundi mstaafu, Makorora, Tanga